Wauzaji wa maduka ya waini hapa Mwanza, kuna anayemsaidia mteja kweli au tunaonyeshwa shelfu tu?

MamaKulwa_Nyegezi

Habari za jioni wadau, poleni na joto. Nina send-off ya mdogo wangu mwezi ujao hapa Nyegezi na kamati kwa hekima zao wakaona vinywaji nishike mimi. Soda na bia wala hazinisumbui, bia unapiga simu kreti zinakuja mpaka mlangoni, kazi iko kwenye waini. Mwenyekiti kasema meza kuu na meza za wakwe lazima ziwe na waini na "iwe nzuri". Nzuri ndo ipi sasa, mi mwenyewe mtu wa Balimi moja ya baridi Jumamosi na yameisha.

Basi nikazunguka maduka ya vinywaji, mjini kati, nkapanda Kirumba, nkaja mpaka Buzuruga. Sitaji duka la mtu. La kwanza dada yuko na simu, akanionyesha kwa kidevu, "zote ziko hapo mama, bei zimebandikwa". Kwingine nikamkuta kijana mchangamfu hadi raha, nimeingia tu kashashika chupa ya bei kuliko zote, "hii ndo wanachukua mabosi". Nikamuuliza ina tofauti gani na hiyo ya pembeni yake, akasema hii ni kali zaidi. Kali kivipi? "Kali tu mama." Kuna mwingine yeye kila nikiuliza anageuza chupa ananisomea lebo kwa sauti, taratibu, kana kwamba miwani nimesahau nyumbani, akimaliza ananiangalia. Na kuna duka moja dogo la mzee mmoja, huyo ndo pekee aliniuliza wageni wako ni kina nani, nikafurahi, nikavuta kiti, kumbe anazo aina mbili tu na zina vumbi la tangu enzi. Yaani mwenye maswali hana mzigo na mwenye mzigo hana maswali.

Naulizeni wenye uzoefu: kwa hapa Mwanza unamjuaje muuzaji anayejua anachouza, na unamtofautishaje na anayekusukumia tu? Na mi niende nimejiandaa vipi ili anisaidie?

Wageni ni mchanganyiko. Wakwe wengi wanatokea Sengerema, nasikia wanapenda vitu vitamu. Kuna wafanyakazi wenzake bi harusi, wa benki, hao wana maneno. Kuna walokole hawagusi kabisa. Halafu kuna baba mkwe mtarajiwa, huyu ndo ananinyima usingizi, amekaa Afrika Kusini miaka na inasemekana waini anaijua haswa. Chakula ni sato wa kukaanga, pilau, mbuzi choma na ndizi. Bajeti ipo ila sio ya kurusha.

---

Sangara_Mbichi

Dada pole. Kupewa vinywaji kwenye kamati ni kesi sio cheo. Hela ya ukumbi ikipelea inakatwa kwenye vinywaji, vinywaji vikipelea unatafutwa wewe.

Ushauri wangu chukua chupa yenye dhahabu dhahabu kwenye lebo na jina refu lisilosomeka. MC akishalikosea hilo jina mara mbili hakuna mkwe atakayethubutu kusema ni mbaya.

---

DadaWaKaunta

Mwadila wote. Huwa nasoma tu humu napita lakini hii imenigusa, mi ndo huyo dada wa kaunta mnayemsema, sio huyo wa simu lakini ni ukoo mmoja, niko duka la vinywaji upande wa Pasiansi.

Mama Kulwa ngoja nikupe ya ndani. Wengi wetu tunauza kitu ambacho hatujawahi kukionja. Mzigo ukija tunahesabu, tunapanga, tunabandika bei, kazi imeisha. Chupa ikivunjika iko kwenye mshahara wako, sasa nani atafungua eti aonje ajue? Mimi nilichokijua nimekipata kwa mawakala, wale wanaokuja na promo na vile viglasi vya plastiki, wenzangu muda huo wanaenda kula, mi nabaki nao naonja na kuuliza maswali mpaka wananichoka. Halafu nina daftari langu chini ya droo. Hii tamu, hii inakausha ulimi, hii mteja karudi kuifuata tena, hii mteja kairudisha na maneno juu.

Hiyo ya kurudisha ndo kila wiki. Mtu anaona waini nyekundu kichwani mwake inakuja juisi ya zabibu, anaenda nayo nyumbani anafungua mbele ya wageni, kumbe kachukua drai, anarudi anasema dada umeniuzia iliyochacha. Haijachacha, ndo ilivyo, drai maana yake sukari ya zabibu karibu yote imeshageuka kilevi, inabaki kidogo sana, gramu chache tu kwa lita nzima. Ila ukianza kumweleza hivyo mbele ya watu anaona unamdharau. Na wanaume jamani, kuna mwanaume anapenda tamu anaona aibu kusema. Anakwambia "nipe ya kiume". Ya kiume ndo ipi? Ukimpa Cabernet, ile nyekundu ya drai, anaikunywa huku macho yanatoka machozi na duka lako harudi tena.

Kwa hiyo mi siku hizi simuulizi mtu tamu au drai. Namuuliza chai unaweka vijiko vingapi vya sukari. Hapo hakuna anayedanganya. Anayesema vitatu simpi drai hata aniambie kasoma wapi, anayekunywa ya rangi kavu tunaanza kuongea mambo mengine. Baada ya hapo namuuliza mtakula nini, halafu bei. Kwenye bei napo watu wanajificha, unamuuliza una shilingi ngapi anakasirika anaona unampima. Mi namwambia nionyeshe kwa kidole shelfu ambayo hutaki kuivuka, basi, naye kaokoka na mi nimeokoka. Ukifika dukani ukisema hayo matatu mwenyewe bila kuulizwa, hata muuzaji mzito atakusaidia, manake umeshamfanyia nusu ya kazi. Lakini mteja yuko na simu sikioni anasema tu "ipi nzuri hapo", jamani nzuri kwa nani.

Kuhusu kusukumiwa, sikatai ipo. Wakati mwingine bosi kasema mzigo fulani utoke kabla ya mwisho wa mwezi, wakati mwingine wakala kaahidi kitu kwa atakayeuza katoni nyingi. Dalili yake utaiona, unauliza maswali matatu tofauti, ya samaki, ya zawadi, ya bibi mgonjwa, na yeye majibu yote ni chupa ileile.

Kwa wakwe wa Sengerema usijitese. Tafuta zilizoandikwa "natural sweet" au "sweet", zinatoka sana Afrika Kusini, Four Cousins watu wa sherehe wote wanaijua, ile inatoka bonde la Robertson kule Cape. Hizi tamu tamu kilevi chake huwa chini, nyingi asilimia 7 mpaka 9 hivi, wakati drai nyekundu nyingi zinapiga 13, 14. Kwa hiyo huyo aliyekwambia kali tu mama, angegeuza chupa angeiona hiyo namba akakueleza.

---

Jiwe_la_Bismarck

Mi naona mnawaonea wauzaji. Unamlipa mtu mshahara ule, anafungua saa tatu asubuhi anafunga usiku, halafu unataka akufundishe zabibu za Ulaya? Duka la dawa ndo nategemea maelezo kwa sababu nikikosea nakufa. Waini ukikosea umekunywa waini mbaya, kesho unachukua nyingine. Simu unayo, lebo unayo, soma mwenyewe.

Huko kwa wenzetu hii ni fani, kuna hiyo WSET ya London inatoa vyeti vya waini tangu 1969, mtu anasoma ngazi kwa ngazi anafanya mtihani. Huyu wetu wa Igoma nani kamlipia? Tumwache auze.

---

DadaWaKaunta

Kaka Jiwe asante kwa kutuhurumia kwenye mshahara, hapo ungeongea na bosi wangu moja kwa moja. Ila lebo ziko kwa Kiingereza, Kifaransa na nyingine Kiafrikana, hebu mwambie mama yako akasome ile ya nyuma aniletee majibu. Mteja akitoka na kitu anachokipenda ananirudia yeye na mashoga zake, kwa hiyo simsaidii kwa ualimu, namsaidia kwa sababu nauza.

---

Mzee_wa_Trei

Wasalaam. Nimebeba trei kwenye hoteli za Capri Point na Isamilo mpaka magoti yakagoma, sasa nafuga kuku Kishiri, lakini haya mambo hayasahauliki.

Mama Kulwa, muuzaji anapimwa kabla hajafungua mdomo. Ukiingia angalia chupa zinakaa wapi. Mji wetu ziwa liko magharibi, jua la mchana likigeuka linaingia madukani moja kwa moja, na utakuta mtu kapanga waini dirishani ili zionekane. Joto na mwanga ndio maadui wakubwa wa waini. Chupa ya kizibo cha kweli ikisimamishwa mwaka mzima juu karibu na bati, kizibo kinakauka, hewa inaingia. Ukiona kizibo kimesukumwa juu au shingo ya chupa inanata, iache hapohapo, hiyo imeshachemka. Anayejua kazi ataziweka chini, kwenye kivuli, zile za kizibo zimelala. Zile za kifuniko cha kuzungusha hazina shida hiyo, na msidharau kifuniko cha kuzungusha, waini nyingi nzuri tu za Afrika Kusini na New Zealand zinafungwa hivyo.

Ukiridhika na shelfu, ndipo umpe swali. Usimwulize ipi nzuri. Shika nyeupe mbili, moja Sauvignon Blanc na nyingine tamu, mwambie nina sato wa kukaanga na ndimu, nichukue ipi. Akisema ile Sauvignon kwa sababu ina uchachu unaokata mafuta, huyo mshike. Chenin Blanc ya drai nayo inafaa sana na samaki na huwa haina bei ya kutisha, Afrika Kusini wanailima kuliko zabibu nyingine yoyote. Akisema "zote poa tu" mshukuru utoke.

Huyo baba mkwe mtarajiwa mimi ningemtafutia Pinotage. Ile ni zabibu iliyozaliwa Afrika Kusini kwenyewe, profesa Perold aliizalisha Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchanganya zabibu mbili, Pinot Noir na Cinsaut, kwa hiyo mtu aliyekaa kule akiiona mezani anajua mmemfikiria yeye. Na kwenye mbuzi choma inakaa. Chupa moja au mbili nzuri za kwake zinatosha, sio lazima meza nzima inywe hiyo.

Sasa kosa ninaloliona kwenye kumbi zetu, na wauzaji hawawaambii watu. Tumeambiwa waini nyekundu inywewe kwa joto la chumba. Chumba hicho ni cha Ulaya, nyuzi 16 mpaka 18, sio ukumbi wa Nyegezi uliofunikwa bati saa kumi jioni. Nyekundu iingie kwenye friji nusu saa kabla, nyeupe ikae kwenye barafu kabisa, nyuzi 8 mpaka 12. Ukiinywa nyekundu ya nyuzi 28 inanuka spiriti tu, watu wanalaumu duka.

Hesabu: chupa ya mililita 750 inatoa glasi 5 za kawaida. Hesabu wanywaji wa waini tu, usihesabu kadi. Na kabla hujalipa mwulize muuzaji kama chupa zisizofunguliwa anazipokea zikirudi, wengi wanakubali kwa sherehe lakini iandikwe kwenye risiti na idadi, maneno matupu siku ya Jumapili hayana shahidi.

---

Mgogo_wa_Buzuruga

Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa hakuna hata mmoja aliyetaja waini ya Dodoma. Afrika Kusini Afrika Kusini. Haya.

Hii ndo kero yangu na wauzaji wa huku. Ukiulizia ya Dodoma anashusha sauti kama umeulizia gongo. "Aaah, ipo, ila ni hii ya hapahapa." Anaenda kuitoa shelfu ya chini kabisa. Na wengi kwao Dodoma yote ni Dompo. Dompo ina watu wake na mi naiheshimu, ni tamu na ni nzito, lakini sio hiyo tu. Dodoma kuna nyekundu drai, kuna nyeupe drai, kuna za katikati. Ile zabibu nyekundu ya Makutupora ni ya kwetu, na Chenin Blanc na Syrah zinalimwa pia, Hombolo, Mpunguzi, Bihawana, Veyula. Na tunavuna mara mbili kwa mwaka, wazungu wanavuna mara moja. Ni kama kilometa 700 tu kwa barabara mpaka Mwanza, unapita Singida, Nzega, Shinyanga umefika, halafu muuzaji anajua bonde la Robertson hajui Hombolo. (Dada wa Kaunta sikusemi wewe. Au labda kidogo.)

Mama Kulwa jaribu hivi, mwambie nipe Dodoma nyekundu drai. Akikuletea Dompo ujue hajui anachouza. Akikuuliza "drai kabisa au ya katikati" huyo ni ndugu yangu, nisalimie.

---

DadaWaKaunta

Umenisema kaka, sikatai. Ila na nyie wa Dodoma mtuletee mawakala waje na viglasi, hao wa Afrika Kusini wanakuja mpaka Pasiansi, nyie tunawasikia kwenye redio. Daftari langu kwenu lina mistari miwili.

---

Kisiwani_Nansio

Nyie mna bahati mnabishana Sauvignon. Huku Ukerewe nilienda kuulizia waini dukani, muuzaji akaniuliza kwa heshima zote, "ya kanisani?"

Ila nimtetee, yule kijana ana huduma kuliko maduka ya mjini. Alinirekodi sauti kwenye simu nieleze nataka iweje, tamu kiasi gani, ya kula na nini, akaituma kwa jamaa yake anayeuza Mwanza, wakarudisha picha tatu na bei, nikachagua, ikaja na meli kesho yake juu ya magodoro. Faida yake aliniambia wazi ni shilingi ngapi. Sijawahi kuhudumiwa vile nikiwa mjini.

---

Sangara_Mbichi

Juu ya magodoro? Hiyo waini imesafiri vizuri kuliko mimi.

---

Mama_Mchungaji_Igoma

Bwana asifiwe. Mi sinywi lakini nachangia kwa upande wa walokole maana mmewataja wakapita. Wauzaji wengi ukiwaambia shampeni wanakupa chupa yoyote inayolipuka kizibo. Kuna zenye kilevi na kuna zisizo na kilevi na kwa macho zinafanana kabisa, jina kubwa lilelile, tofauti ni maandishi madogo. Kuna harusi moja wazee wa kanisa walimiminiwa, wakasifia juisi ni nzuri, wakaongezwa. Sitaki kusema zaidi.

Muulize muuzaji akuonyeshe kwa kidole palipoandikwa haina kilevi, na sio aseme tu "hii ni ya watoto". Halafu za walokole zipakiwe kwenye boksi lao na liandikwe kwa kalamu kubwa, vijana wa kuhudumia hawasomi lebo.

---

Mzee_wa_Trei

Mama Mchungaji amesema jambo la msingi. Niongeze tu, shampeni yenyewe ni ya Champagne, Ufaransa, na bei yake hakuna kamati ya Nyegezi itaiweza. Muuzaji akikwambia hii ni shampeni kwa bei ya soda kreti mbili, anakusudia waini ya mapovu. Sio mbaya, iko tamu na wageni wanaipenda kwenye kukata keki, ila ujue unachonunua.

---

MamaKulwa_Nyegezi

Jamani wabeja sana, mmenisaidia kuliko kamati yangu. Mzee wa Trei shikamoo. Narudisha mrejesho.

Nimejipanga kama Dada wa Kaunta alivyosema. Kwanza nilimpigia mama yake bwana harusi, nikamwambia mama naomba kujua tu, chai yenu huko mnaweka sukari vipi, akacheka akasema mwanangu sisi kijiko kinasimama. Nikajua.

Nikaenda duka moja Nyakato ambalo sikulifikia mwanzo. Kijana wa kawaida tu, amevaa jezi. Chupa ziko kivulini, za kizibo zimelala, nikasema haya tuone. Nikampa sato na ndimu, akachagua ile Sauvignon, sababu akasema "ile tamu na samaki inakinaisha mama". Nikamuuliza Pinotage. Akaniangalia akasema "hiyo mama sijui, tunayo ila sijui ikoje, subiri nimpigie mwenzangu wa zamu ya jioni." Akaweka simu wazi kaunta pale, huyo mwenzake (mdada) kabla ya lolote akaanza, nani anakunywa, anakula nini, sherehe ya ndani au nje, saa ngapi. Tukaongea kama tunajuana. Akamwelekeza kijana chupa iko wapi, akasema ipo na ya bei zaidi ila kwa mbuzi choma hiyo ya chini inatosha. Mtu ananiambia nichukue ya chini! Hapo nikakaa.

Dodoma nimeulizia pia kaka Mgogo. Alinijibu "drai kabisa au ya katikati". Nimekusalimia.

Chupa zisizofunguliwa wanapokea ndani ya siku tatu, wameandika kwenye risiti. Bado sijalipa yote. Swali moja limebaki, kijana kasema kwa meza za nyuma nichukue ile ya boksi ya lita 5 ni nafuu. Je boksi ni aibu? Na inakaaje ikibaki?

---

Jiwe_la_Bismarck

Kwa hiyo mwenye elimu alikuwa kwenye simu. Nilisema simu unayo.

---

Sangara_Mbichi

Simu yenye mtu ndani yake mkuu. Kubali uendelee.

---

DadaWaKaunta

Huyo wa Nyakato nunua kwake, nasema hivyo na ni mpinzani wangu kibiashara. Anayesema sijui mbele ya mteja mwenye hela ni wachache sana, mi mwenyewe ilinichukua muda kuliweza hilo neno.

Kabla hujapakia, angalia stempu ya kodi kwenye kila chupa, usiangalie ya juu ya katoni tu. TRA wana programu inaitwa Hakiki Stempu, unaielekezea simu inakwambia hiyo stempu ni ya kinywaji gani. Muuzaji mwenye mzigo halali hakasiriki ukifanya hivyo, mi mwenyewe huwa nawashikia tochi. Akianza kununa na kukuharakisha, acha chupa.

---

Mzee_wa_Trei

Marahaba mama. Boksi sio aibu. Ndani ni mfuko unaojikunja jinsi waini inavyotoka, hewa haiingii, kwa hiyo ikibaki kwenye friji inakaa wiki kadhaa, wakati chupa iliyofunguliwa siku tatu nne inakuwa imeshabadilika. Lita 5 ni glasi 33 hivi. Aibu ni kuliweka boksi lenyewe mezani na bomba lake linadondosha kwenye kitambaa. Miminia kwenye majagi ya kioo huko jikoni, yaje mezani ya baridi, hakuna atakayeuliza. Angalia tu tarehe kwenye boksi, tofauti na chupa, za boksi hazikai muda mrefu dukani.

Na Pinotage ya baba mkwe isikae mezani mapema. Mpe kijana mmoja aishike, aifungue mzee akishakaa kwenye kiti chake. Ukiitanguliza, mashemeji watakuwa wameshaimaliza na pilau.